Kuna sinema ndani ya muvi za masupahiro, au ni ngumi na kompyuta tu?

mkanda_wa_zamani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Naleta hoja kwa wanaofuatilia filamu kwa undani. Wale wa kubishana nani kampiga nani kati ya Marvel na DC wana nyuzi zao, waende huko.

Oktoba 2019 mwongozaji Martin Scorsese aliliambia jarida la Empire kwamba filamu za Marvel si sinema, akazifananisha na viwanja vya mabembea. Mwezi uliofuata akafafanua kwenye New York Times. Hoja yake ilikuwa kwamba vipaji vimo, ila hakuna kinachowekwa rehani: kila kitu kimepimwa sokoni na kusafishwa mpaka kimekuwa tayari kuliwa. Mwongozaji mwenzake Francis Ford Coppola akachangia lake, kali kuliko la Scorsese.

Jibu la kusema "huyo mzee ana wivu" nimelichoka. Taasisi ya mzee huyo ndiyo iliyorejesha Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty mwaka 2008. Mtu anayehangaikia filamu ya Msenegali ya mwaka 1973 hapuuzwi kirahisi hivyo.

Sasa naomba majibu yenye nyama. Mtu aliyezoea filamu za Sembène wa Senegal, Ozu wa Japani au Tarkovsky wa Urusi akikaa mbele ya muvi ya supahiro, atazame nini hasa? Nitajieni vipande, si majina ya filamu tu. Halafu mnieleze kwa nini nusu saa ya mwisho huwa inachosha, hata pale mwanzo ulipokuwa mzuri.

Nawasilisha.

---

lenzi50

Mkuu, hilo la "ni sinema au si sinema" liweke pembeni kwanza, halijibiki kwa kuangalia aina ya filamu. Miaka ya 1950 wahakiki vijana wa Cahiers du cinéma pale Paris walishikilia kwamba Hitchcock na Howard Hawks ni wasanii wa daraja la kwanza, wakati waheshimiwa wengi waliwaona ni watu wa kuuza tiketi. Walishinda kwa kuonyesha shoti: kamera imewekwa wapi, kwa nini pale, imekatwa lini. Huku nako dawa ni hiyo hiyo.

Anza na Superman ya Richard Donner, 1978. Kuruka kwake achana nako. Tafuta pale Clark Kent yuko sebuleni kwa Lois Lane, Lois kaingia ndani kujiandaa. Christopher Reeve anavua miwani. Mgongo unanyooka, mabega yanafunguka, anaonekana kurefuka, sauti inashuka. Kwa sekunde kadhaa Superman kasimama pale ndani ya suti ya mwandishi wa habari. Kisha anaghairi: miwani inarudi usoni, mabega yanalegea, sauti inapanda na kubabaika. Hakuna kompyuta wala mkato wa kumsaidia, ni mwili wa mwigizaji peke yake. Anayedai nguo za kubana zinaua uigizaji aanzie hapo.

Cha pili ni Spider-Man 2 ya Sam Raimi, 2004, na humo kuna vipande viwili.

Chumba cha upasuaji: Doctor Octopus kalala kifudifudi, madaktari wanajiandaa kumkata ile mikono ya chuma. Mikono inaamka. Raimi alitokea kwenye filamu za kutisha za bajeti ndogo, na hapa karudi nyumbani. Muziki hakuna, kuna mayowe na vyuma tu. Mauaji mengi unayaona kama vivuli ukutani au kwa jicho la mkono wenyewe unaomfuata mtu, na muuguzi mmoja anaburuzwa huku kucha zake zinachora sakafu. Damu karibu hakuna, lakini utajikunyata. Mikono ile kwa shoti nyingi ilikuwa vikaragosi vya kweli vinavyochezeshwa na mafundi, ndiyo maana inaonekana kuwa na uzito na hata tabia.

Treni: hapa angalia mantiki ya hatua. Breki zimeharibiwa. Spider-Man anajaribu kuisimamisha kwanza kwa miguu, mataruma ya reli yanavunjika, anashindwa. Anarusha utando majengo ya kushoto na kulia, nyuzi zinavutika, nguo inachanika begani. Kamera inarudi usoni kila mara, na uso hauna kinyago. Kila shoti inajibu swali la shoti iliyotangulia. Akizirai, abiria wanampitisha juu ya vichwa vyao kuelekea ndani, na mmoja anasema ni mtoto tu, hamzidi mwanangu. Kipande hicho kinafuata kanuni zile zile za filamu za kimya: jaribu, feli, jaribu tena, lipa gharama.

Cha tatu, Spider-Man: Into the Spider-Verse, 2018. Filamu ina fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde. Kwenye mbio za msituni, Miles Morales, kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, anabadilishwa mkao kila baada ya fremu mbili, yaani mikao 12 kwa sekunde, ilhali Peter B. Parker, Spider-Man mzoefu anayekimbia naye, anabadilika kila fremu. Matokeo yake Miles anakwamakwama na Peter anateleza, ndani ya picha moja. Anapofuzu, mwendo wake unalainika, na hakuna mhusika anayefungua mdomo kukueleza. Halafu tazama anavyojirusha kutoka ghorofani: vidole bado vimenata, kioo kinavunjika na kumfuata mkononi, na kamera imepinduliwa ili mtu anayeanguka aonekane anapaa. Huo ni uongozaji, nyie.

The Dark Knight, ya Batman, 2008, sifa na lawama kwa pamoja. Takriban dakika 28 zilipigwa kwa kamera za IMAX, mfumo wa picha kubwa mno: mkanda wa milimita 65 unaopita kwa ulalo, matundu 15 kwa fremu. Lori linalobinuka lilibinuliwa kweli mtaa wa LaSalle, Chicago, kwa pistoni iliyofungwa chini ya tela. Angalia linavyositasita likiwa wima kabla ya kulala. Lakini rudi nyuma kwenye ile kufukuzana kwa magari chini ya ardhi, kabla ya lori. Kamera inavuka mstari wa nyuzi 180 (mstari wa kufikirika ambao kamera hubaki upande wake mmoja ili mielekeo isigeuke) bila sababu, gari lililokuwa linaelekea kulia sasa linaelekea kushoto, na hujui nani yuko ubavu gani wa nani. Christopher Nolan ni mzuri kwenye muundo mkubwa kuliko kwenye jiografia ya vurugu. Sioni ubaya kusema yote mawili.

Joker ya 2019 msiniletee kama ushahidi. Ilitwaa Simba wa Dhahabu Venice, sawa, na Joaquin Phoenix akapata Oscar. Lakini heshima yake kubwa imeazimwa kutoka Taxi Driver na The King of Comedy za Scorsese huyo huyo, na Robert De Niro aliyeziigiza kawekwa pale kama muhuri. Wanaoipenda kwa kuwa "si ya kisupahiro" wanathibitisha tu kwamba walichokuwa wanakikataa ni nguo.

---

chumba_cha_uhariri

lenzi50 kajibu la kwanza, mimi nachukua la pili. Nusu saa ya mwisho inaharibika mapema, kabla hata kamera haijawashwa.

Studio inatangaza tarehe ya kutoka miaka kabla, na tarehe haisogei kirahisi. Basi mapigano makubwa yanaanza kuandaliwa kwa katuni ghafi za kompyuta, shoti kwa shoti, miezi mingi kabla ya upigaji, mara nyingine skripti haijatulia. Mwongozaji anakuta vita vyake vimeshachorwa. Lucrecia Martel wa Argentina alieleza mwaka 2018 kwamba Marvel walipozungumza naye kuhusu Black Widow walimwambia asihangaike na sehemu za mapigano, wao watazishughulikia. Ukiona filamu moja ina mikono miwili, mmoja wa mazungumzo na mwingine wa ngumi, usishangae.

Sasa taa. Mpigapicha asiyejua nyuma ya mwigizaji kutakuwa na nini (machweo? moto? sayari?) anamulika kwa taa laini ya kutoka juu, isiyo na upande. Taa hiyo inakubali mandhari yoyote itakayobandikwa baadaye, na kwa sababu hiyo hiyo haifanani na mahali popote. Ile rangi ya kijivujivu mnayoilalamikia chanzo chake kikubwa ni hapo, kuahirisha uamuzi. Linganisha na The Batman ya 2022, mpigapicha Greig Fraser. Kuna ukumbi wa giza ambamo mwanga pekee ni miale ya bunduki zinazompiga Batman. Kila risasi inakupa picha moja, kisha giza, kisha picha nyingine akiwa karibu zaidi. Mwanga wenyewe ndio pigano, na huwezi kuupanga hivyo kama hujaamua mapema unapiga nini. Hata ule mchanga (chembechembe) kwenye picha una sababu: walipiga kwa dijitali, wakaihamishia kwenye mkanda wa filamu, wakaiskani tena.

Muziki. Mhariri anapokata, anaweka muziki wa muda kutoka filamu nyingine. Wiki zinapita, kila mtu kauzoea, mtunzi anapofika anaambiwa "tutungie kitu kama hiki". Ndiyo sababu umetazama filamu kumi na huwezi kupiga mluzi wimbo hata mmoja.

Mwisho, mwili wa kidijitali. Black Panther ya 2018 ni mfano bora kwa pande zote mbili. Upande wa juu: mavazi ya Ruth E. Carter, mandhari ya Hannah Beachler, muziki wa Ludwig Göransson, vyote vitatu vikapata Oscar, na kwa haki. Nyekundu ya Dora Milaje, walinzi wa kike wa mfalme, imetoka kwa Wamaasai, pete za shingoni ni za Wandebele, mablanketi ya walinzi wa mpakani ni ya Basotho. Göransson alikwenda Senegal kufanya kazi na Baaba Maal, na sauti ya Baaba Maal mnaisikia mapema kabisa tunapoingia Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hiyo. Mpigapicha Rachel Morrison anatupa kasino ya Busan kwa rangi tatu zinazotembea: Okoye nyekundu, Nakia kijani, mfalme T'Challa mweusi, bendera ya Afrika ndani ya pigano. Kamera inapanda kutoka ghorofa ya chini hadi ya juu kama haijakatwa, na muda wote unajua kila mtu yuko wapi. Killmonger, hasimu wa T'Challa, anapoingia kwenye chumba cha enzi picha imepinduka kichwa chini, inajigeuza taratibu kadiri anavyosogea kukikalia kiti. Nchi imepinduliwa, na hukuhitaji kuambiwa.

Halafu tunashuka mgodini. T'Challa na Killmonger wamekuwa vikaragosi viwili vya kompyuta, vyote vimevaa nyeusi, gizani, vinaanguka kwenye shimo. Kipime hivi: tazama miguu. Mtu mwenye kilo 90 akitua, magoti yanakunja, sakafu inajibu, na kabla ya kuruka tena lazima ajikusanye. Pale mgodini miili inabadili mwelekeo hewani bila kulipia chochote. Pia jiulize kama mtu angeweza kusimama pale kamera ilipo. Isipokuwa na mahali, jicho linajua ni uongo hata kama hujui kwa nini. Wakifungua vinyago na Michael B. Jordan (Killmonger) akaanza kuzungumza, filamu inafufuka.

Msiwalaumu mafundi wa kompyuta. Malalamiko yao ya muda mfupi na mabadiliko yasiyoisha yalikuwa hadharani mwaka 2022, na Septemba 2023 wale walioajiriwa moja kwa moja na Marvel walipiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi cha IATSE. Shoti iliyobadilishwa mara tano wiki ya mwisho haiwezi kuwa nzuri, hata aishike nani.

---

tiketi_mbili

Mmechagua nyama nono mkaacha mifupa. Raimi, Nolan, na Ryan Coogler wa Black Panther ni waongozaji waliopewa nafasi. Ukihesabu zote zilizotoka tangu 2008, zenye kipande cha kumwonyesha mwanafunzi wa filamu ni chache. Na hoja ya Scorsese ina mguu wa pili ambao hakuna aliyeugusa: skrini. Avengers: Endgame ya dakika 181 ilipotoka 2019 ilikalia kumbi dunia nzima na kuingiza zaidi ya dola bilioni 2.7. Jumba la sinema la mjini kwetu lenye skrini tatu likitoa mbili kwa filamu moja, hiyo nyingine ndogo itaonyeshwa saa nne asubuhi siku ya kazi, isiuze, kisha useme watu hawaipendi. Uzuri wa shoti ya treni hauondoi hilo.

---

lenzi50

tiketi_mbili, la skrini nakubali, sina cha kupinga. Ila hilo ni kosa la biashara ya usambazaji. Hata filamu bora kabisa ikikalia skrini zote ni tatizo lile lile. La "chache" silikubali: hesabu pia filamu za kivita au za mapenzi za mwaka wowote, uniambie ngapi zinabaki.

---

mkanda_wa_zamani (mleta mada)

Asanteni sana, ndicho nilichokuwa nakitafuta. Swali dogo: wengi wetu tunatazamia nyumbani, runinga ya kawaida au kompyuta. Hivi vitu vya mwanga na mwendo mnavyovieleza vinaonekana kweli?

---

fundi_sauti_picha

Vinaonekana, ukirekebisha mashine kwanza. Runinga inatoka dukani imepangwa kung'aa dukani.

Ingia kwenye mipangilio ya picha, ondoka kwenye "Vivid" au "Dynamic", chagua "Filmmaker Mode" kama ipo (ilianza kuwekwa baada ya 2019), la sivyo "Cinema" au "Movie". Utaona picha imekuwa ya manjano na hafifu. Ivumilie dakika 15, jicho litazoea.

Muhimu kuliko yote: zima ulainishaji wa mwendo. LG wanauita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus au Picture Clarity. Kazi yake ni kubuni fremu za katikati ambazo hazikupigwa. Ukiuacha, ile tofauti ya Miles wa mikao 12 na Peter wa 24 inafutwa, kwa sababu runinga inamlainisha Miles kwa nguvu. Umeharibu filamu nzima kwa kitufe kimoja.

Ukubwa wa picha uwe "Just Scan", "Screen Fit" au "Original". Ukiuacha kwenye 16:9 ya kawaida, runinga nyingi zinakata ukingo. Mistari myeusi juu na chini usiiondoe kwa kuvuta picha. Blu-ray ya The Dark Knight inajaza skrini kwenye vipande vya IMAX na kurudi nyembamba kwenye vingine, ndivyo ilivyokusudiwa.

Mazungumzo hayasikiki, milipuko inapasua masikio? Faili lina sauti ya njia sita, wewe una spika mbili. Maneno mengi yako kwenye njia ya katikati, na ikichanganywa vibaya yanazama. Chagua mkondo wa sauti wa stereo kama upo. Ukitumia programu ya kuchezea video ya Kodi unaweza pia kupandisha njia ya katikati kwa desibeli 3 hivi, na kwenye VLC unaweza kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo.

Na faili lenyewe. The Batman ni dakika 176. Ukiibana iwe megabaiti 700, sauti na picha kwa pamoja vinapata kama megabiti 0.53 kwa sekunde. Giza lote linakuwa vigae vya kijivu vinavyotembea, na ule ukumbi wa bunduki hauna tena kitu cha kutazama. Nakala iliyopigwa kwa kamera ndani ya jumba la sinema ndiyo usiitaje kabisa unapojadili upigaji picha, maana unachohukumu ni simu ya mtu. Zima taa ya chumbani, au angalau ile inayoakisi kwenye kioo.

---

stelingi_hafi

Naongeza la kwetu, maana limesahaulika. Watu wengi wa ukanda huu wamewajua masupahiro kupitia sauti ya mtafsiri: DJ Afro kwa Kenya, Lufufu na waliomfuata kwa Tanzania, ma-VJ kwa Uganda. Hiyo ni kazi ya sanaa yenye kanuni zake. Mtafsiri mzuri anawapa wahusika majina ya mtaani, anatangulia tukio kwa nusu sekunde, anajua mahali pa kunyamaza ili ngumi isikike. Lakini inaziba muziki na kuua ukimya. Kile kipande cha Reeve na miwani hakiponi, lazima mtu aseme kitu juu yake. Ukitaka kuchambua, tazama ya lugha ya asili kwanza, ya kutafsiriwa baadaye, na uzihesabu ni kazi mbili tofauti.

Halafu itafuteni Supa Modo ya Likarion Wainaina, Kenya, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018. Jo ni msichana mdogo anayeumwa ugonjwa usiopona, anaota kuwa supahiro, na kijiji kizima kinashirikiana kumfanya aamini kuwa ana nguvu hizo. Na mtafsiri wa kibandani yumo ndani ya hadithi, anapiga domo juu ya picha kama tunavyomjua. Nguvu za Jo zinatengenezwa mbele ya macho yetu: watu wanakubaliana kuganda akinyoosha mkono, kitu kinasogezwa kwa hila. Mtazamaji anajua ujanja, Jo hajui, au labda anajua, na waigizaji wanaicheza hiyo "labda" kwa macho tu.

Mleta mada, Scorsese analalamika kwamba hakuna kinachowekwa rehani. Kibandani sote tulikua na sheria moja, stelingi hafi. Supa Modo inakwambia mapema kabisa kwamba sheria hiyo haitafanya kazi, kisha inakuacha utazame supahiro ukiwa unalijua hilo. Logan ya James Mangold, 2017, inafanya jambo la jamaa moja kwa pesa nyingi zaidi, na ina toleo la nyeusi na nyeupe ambalo binafsi naliona bora, kwa sababu vumbi na makunyanzi ya Hugh Jackman yanakaa mbele. Zitazame mbili hizo usiku mmoja, Supa Modo iwe ya pili.